Orodha ya wafalme na daftari la shimo

Ndugu wachimbaji, mama zetu wa kusafisha mchanga, na ninyi wanafunzi mnaosomea wazazi gazeti hili jioni, leo tunaacha kidogo bei ya karati na habari za barabara mbovu. Tunaongea juu ya wafalme. Mtauliza: sendika na wafalme, wapi na wapi? Ngojeni, tutafika.

Maji ya Lomami tunayochota hapa Opala yanatoka mbali. Mto unaanza kule juu Katanga, upande wa Kamina, unatelemka zaidi ya kilometa 1,200 mpaka unaingia mto Kongo pale Isangi. Ndugu yake Lualaba anapita Bukama, anapita ziwa Kisale, Kongolo, Kindu, mpaka maporomoko ya Boyoma kule Kisangani. Kule juu, katikati ya hiyo mito miwili, ndipo uliposimama ufalme wa Waluba. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kwamba Mesopotamia maana yake ni nchi kati ya mito miwili, Tigris na Euphrates, katika Irak ya leo. Wanakariri majina: Sargon, Hammurabi, Nebukadneza. Ni vizuri. Lakini hakuna anayewaambia kwamba ndoo wanayobeba kichwani imejaa maji ya Mesopotamia nyingine, ya nyumbani.

Sisi wa hapa, Wambole na majirani, hatukuwa na mfalme mkubwa wa kupigiwa magoti. Tulikuwa na Lilwa. Wazee wa Lilwa ndio walikata maneno, na mtu aliyevunja sheria nzito alinyongwa, kisha akachongewa sanamu, ile ofika, ili vijana waione na waogope. Sanamu hizo leo ziko katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Tunataja hilo ili msomaji ajue kwamba hatumsifu mfalme yeyote hapa. Tunamtazama kama watu waliokaa nje ya uwanja wake.

Turudi ziwa Kisale. Mwaka 1957 na 1958, pahali panapoitwa Sanga, wataalamu walifunua makaburi ya zamani. Tangu miaka ya 1970 Mbelgiji Pierre de Maret na wenzake wakaendelea kuchimba makaburi mengine katika bonde hilo la Upemba. Walikuta watu waliozikwa zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na vyungu vizuri, vyuma, bangili na mikufu ya shaba. Sasa sikiliza, wewe unayejua mawe: shaba haitoki pale ziwani. Pale kuna maji, samaki na matope. Shaba ilitoka kusini, kwenye vilima vya Katanga, mwendo wa siku nyingi kwa miguu, na mtu akiwa na mzigo mgongoni. Katika makaburi ya nyuma kidogo, kuanzia karne ya 13 hivi, inaonekana misalaba midogo ya shaba imewekwa karibu na maiti. Kadiri miaka ilivyokwenda, misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kipimo. Kitu kikiwa kidogo, kikilingana, kikipokelewa na kila mtu, ndugu, hicho ni makuta. Misalaba mitatu ya namna hiyo iliwekwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960, ile ya Tshombe.

Kule Irak mambo yalikuwa sawasawa. Mwingereza Leonard Woolley alichimba mji wa Ur kuanzia 1922 mpaka 1934. Alikuta makaburi ya watu wakubwa, ya miaka karibu 4,500 iliyopita. Kuna bibi mmoja anaitwa Puabi, kichwa chake kimejaa majani ya dhahabu. Kuna shimo lingine lilikuwa na miili 74, karibu wote wanawake, wamepangwa kwa mistari na mapambo yao, wamemfuata mkubwa wao kaburini. Na nchi ya Ur ilikuwa ya namna gani? Matope ya mto. Haina dhahabu, haina shaba, hata jiwe zuri la kujengea hakuna. Dhahabu yote ilitoka mbali. Shaba ilivuka bahari kutoka nchi waliyoiita Magan, ambayo wataalamu wanasema ni Oman. Ni Oman hiyohiyo ambayo miaka mingi baadaye ilitoa masultani wa Zanzibar, na kutoka Zanzibar ndipo Kiswahili hiki kilipotufikia kwa njia ya misafara.

Kwa hiyo mfalme wa Ur na mkubwa wa Kisale walikuwa na jambo moja pamoja: kila mmoja alizikwa na mali ambayo udongo wake hauzai. Mtu mwingine aliichimba. Yule mtu ni nani?

Kwa upande wa Katanga tunajua kidogo kazi yake. Wazee waliofanya kazi hiyo walikuwa bado hai wakati wa Wabelgiji, na mwaka 1924 baadhi yao walionyesha tena mbele ya wapadri jinsi walivyofanya. Waliitwa walaji wa shaba, maana yake wanaokula kwa shaba, wanaoishi nayo. Hawakuchimba mwaka mzima. Walingoja kiangazi, mavuno yakiisha, ndipo kijiji kinahamia kwenye kilima. Wanaume waliingia mashimoni. Wanawake na watoto waliokota na kusafisha mawe ya kijani, malakiti. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, mivukuto ilitengenezwa kwa ngozi za wanyama, na makaa yalichomwa kwa miti ngumu. Kulikuwa na bwana wa shaba, mwenye dawa na mwenye siri, na bila yeye moto hauwashwi. Mvua zikianza, wanarudi kulima. Anayesoma haya kwenye shantie zetu atacheka, kwa sababu hata leo nusu ya shimo inabaki tupu wakati wa kupanda mpunga.

Majina yao yako wapi? Hayapo. Majina ya wafalme yapo mengi.

Tusikilize basi jinsi Waluba wanavyohesabu wafalme wao. Zamani alitawala Nkongolo Mwamba, mtu mkali, mlevi, asiye na adabu. Akaja mwindaji mgeni kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa heshima ambaye hali chakula mbele ya watu. Mgeni akazaa na Bulanda, dada ya Nkongolo, mtoto akaitwa Kalala Ilunga. Mtoto akakua, akawa hodari kuliko mjomba, na mjomba akaona wivu. Nkongolo akachimbisha shimo, akapanda mikuki chini, akafunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze ngoma juu yake. Mpiga ngoma akaona hatari, akamwonya kijana kwa mapigo ya ngoma. Kalala Ilunga akaruka, akakimbilia kwa baba, akarudi na jeshi. Nkongolo akakatwa kichwa. Hivyo ndivyo ukoo wa wafalme wa Waluba unavyosema ulianza.

Mtu wa kawaida anasikia hadithi tamu. Sisi tunaokaa kila wiki katika mikutano ya kugombea udongo tunasikia jambo lingine. Kalala Ilunga ana karatasi mbili mkononi. Kwa mama yeye ni mwenye nchi, mtoto wa dada wa mfalme wa kwanza. Kwa baba yeye ana damu ya utawala, ile Waluba wanaita bulopwe. Hakuna mtu wa kumfukuza, si mwenyeji, si mgeni. Hadithi hiyo imepangwa vizuri kama dosye ya mwanasheria.

Na dosye ilikuwa na mahali pa kuwekwa. Waluba walikuwa na kibao cha mbao kinachoitwa lukasa, kinatosha mkononi, kimepigiliwa shanga na makombe. Watu wa chama cha Mbudye walikifundishwa miaka na miaka. Mzee anapitisha kidole juu ya shanga na kusoma: huyu alifuata huyu, huyu alihamia hapa, mpaka wa nchi ni mto huu. Mfalme akifa, mji wake hauwi pori tu. Mwanamke mmoja anaingiwa na roho yake, anaitwa Mwadi, anakaa pale na watu wa mfalme, na mji unakuwa kitenta, mji wa roho. Lakini orodha nzuri haikuzuia vita. Kila mfalme alioa katika koo nyingi, na alipokufa kila mtoto alikuja na wajomba zake na mishale yao. Mwingereza Cameron alipofika kwa mfalme Kasongo Kalombo mwaka 1874, ufalme ulikuwa tayari unachoka. Wakati Leta ya Leopold II inaingia, watoto wa ukoo walikuwa wanagombana kwa bunduki, na Wabelgiji wakapata njia nyepesi ya kuwagawa.

Kule Mesopotamia orodha iliandikwa kwenye udongo uliokauka. Inasema ufalme ulishuka kutoka mbinguni, ukaanza katika mji wa Eridu, na mfalme wa kwanza, Alulim, alitawala miaka 28,800. Miaka elfu ishirini na nane! Hata viongozi wetu wanaopenda kiti hawajafikiria hivyo. Kisha ufalme unahama kutoka mji mmoja hadi mwingine, kama vile duniani kulikuwa na mfalme mmoja tu kila wakati. Wataalamu waliosoma vibao vingine waligundua kwamba si kweli. Koo nyingine zilitawala wakati mmoja, kila mmoja katika mji wake, lakini mwandishi aliwapanga mmoja nyuma ya mwingine ili mfalme wa siku zake aonekane mrithi wa wote. Na mji wa Lagash, uliokuwa mkubwa na tajiri, hakuutaja hata kidogo. Alipitisha mkono, akaufuta.

Huku kwetu mambo hayo yamefanyika pia, na si zamani sana. Tippu Tip, yule aliyefanywa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, alisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi alivyopata nchi ya Utetera, karibu na Lomami. Alifika kwa mzee Kasongo Rushie, akamwambia kwamba bibi yake alikuwa mtoto wa ukoo wao, aliyetekwa zamani. Mzee akamwachia utawala na pembe zote. Mgeni aliingia na ukoo, akatoka na ndovu. Tunaomba vijana wetu wasimulie habari hiyo kila mara mtu asiyejulikana akifika shantie na kusema koko yake alizaliwa hapa.

Sasa tufike kwa mfalme ambaye hakuwa na orodha ya kusoma pale Katanga, alikuwa na bunduki. Jina lake la kuzaliwa ni Ngelengwa, mtoto wa Kalasa, Msumbwa wa Tanzania ya leo, mfanyabiashara wa shaba. Katika miaka ya 1850 alihamia Katanga na watu wake, wakaitwa Wayeke. Alisaidia machifu wa pale katika vita vyao, akakaa, akakua, mwisho akawa mkubwa wao wote. Dunia inamjua kwa jina la Msiri. Mji wake ulikuwa Bunkeya, ufalme wake Garenganze. Shaba, pembe na watu watumwa vilikwenda mashariki mpaka pwani ya Zanzibar, na magharibi mpaka Benguela, Angola. Kutoka pande zote mbili baruti ilirudi. Watu wake walikuwa mafundi wa kuvuta waya wa shaba. Wenyeji Wasanga walilipa kodi na waliteswa, na mwaka 1891 walikuwa wamekwisha kuasi.

Mwaka huohuo wageni walipangana mlangoni kwake. Waingereza walikuwa wamemtuma Sharpe mwaka 1890, Msiri akakataa. Leopold akatuma watu wake, mmoja baada ya mwingine. Kampuni ya Katanga ilikuwa imekwisha kuundwa Brussels mwezi wa nne 1891, ikisubiri nchi ambayo bado ilikuwa na mwenyewe. Mwezi wa kumi na mbili akafika kapiteni Stairs, Mkanada, na askari wengi kutoka pwani. Msiri alikataa bendera. Tarehe 20 Desemba 1891 afisa Omer Bodson alimpiga risasi akamuua, na Bodson naye akapigwa risasi na mtu wa mfalme, akafa. Wayeke wanasimulia kwamba kichwa cha Msiri kilikatwa na kupelekwa. Mpaka leo watu bado wanakitafuta. Mtoto wake Mukanda Bantu akakubali bendera, akabaki chifu, na ukoo haukukatika: Mwami Mwenda yuko Bunkeya mpaka leo, na mzao wa Msiri, Godefroid Munongo, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Katanga ya Tshombe.

Tazameni basi kilichobadilika siku ile. Ukoo uliachwa, kofia na kiti viliachwa. Kilichochukuliwa ni kilima. Orodha ya wafalme ilikuwa ndiyo cheti cha machimbo, na baada ya 1891 cheti kikawa karatasi ya kampuni. Union Minière ilizaliwa tarehe 28 Oktoba 1906, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi lilitoa shaba ya kwanza. Wachimbaji waliletwa kutoka mbali, majirani wa mto wetu wakiwemo. Desemba 1941, wakati wa vita ya pili, wafanyakazi wa Elisabethville walisimamisha kazi na kudai mshahara. Waliitwa uwanja wa mpira kuongea na gavana. Askari wakafyatua risasi, makumi wakafa, na Léonard Mpoyi, aliyesema kwa niaba ya wenzake, akafa nao. Jina la Mpoyi tunalo. Ya wengi waliolala pale hatunayo. Iko hivyo: kuanzia Kisale mpaka Elisabethville, aliyebeba mzigo anahesabiwa kwa idadi, na aliyeupokea anahesabiwa kwa jina.

Hapa ndipo tunamwomba msomaji arudi nasi Ur kwa mara ya mwisho, kwa sababu kule kuna jambo ambalo hatukulitarajia.

Kati ya miaka 2100 na 2000 mbele ya Kristo, Ur ilitawaliwa na ukoo wa wafalme watano tu: Ur-Nammu, Shulgi, Amar-Sin, Shu-Sin na Ibbi-Sin. Shulgi peke yake alitawala miaka 48. Walipenda hesabu kuliko wafalme wote. Waandishi wao walijaza vibao vya udongo makumi ya maelfu, na sehemu kubwa si habari za vita wala sifa. Ni hesabu za kazi. Fulani, mtoto wa fulani, siku ngapi, shayiri kiasi gani. Huyu mgonjwa. Huyu amekufa. Huyu amekimbia. Hata wafumaji na wabeba mizigo wanaandikwa. Na vibao hivyo vingi vimetoka katika nchi ya Lagash, mji uleule ambao mwandishi wa orodha ya wafalme aliufuta. Miaka 28,800 ya Alulim hakuna anayeiamini. Shayiri ya mbeba mizigo wa Lagash kila profesa anaiamini, kwa sababu iliandikwa siku ilipotolewa, mbele ya watu.

Kipimo cha kawaida cha mwanaume kilikuwa sila 60 za shayiri kwa mwezi, na sila moja ni karibu lita moja. Mwanamke alipewa 30.

Baadaye, Babiloni, alikuja ukoo mwingine wa wafalme 11, na wa sita wao ni Hammurabi, aliyetawala kuanzia 1792 mpaka 1750 mbele ya Kristo. Jiwe lake jeusi, lenye urefu zaidi ya meta mbili, Wafaransa walilikuta Susa, nchi ya Iran, mwaka 1901, na leo liko Louvre, Paris. Watu wanalijua kwa jicho kwa jicho. Sisi tunapenda sehemu za mwisho, zinazosomwa na wachache. Mle mfalme anataja mshahara wa kibarua: punje sita za fedha kwa siku kuanzia mwanzo wa mwaka mpaka mwezi wa tano, kisha punje tano mpaka mwisho wa mwaka. Anataja pia deni. Mtu akishindwa kulipa akampeleka mke au mtoto kufanya kazi kwa mwenye deni, watafanya miaka mitatu, wa nne wanaachiliwa. Na mfalme mmoja wa ukoo huo, Ammi-saduqa, alitoa amri ya kufuta madeni ya shayiri na fedha ya watu wadogo, na waliowekwa rehani wakarudi kwao. Hakufanya hivyo kwa huruma tu. Wakulima wote wakiwa watumwa wa wakopeshaji, nani atalipa kodi, nani atashika mkuki?

Wachimbaji wa Opala mmekwisha kuelewa. Mtu anaingia shimoni na deni la mchele, la petroli ya pampu, la dawa ya mtoto. Mnunuzi aliyetanguliza makuta ndiye anayepanga bei ya jiwe. Jiwe likitoka, deni linakula jiwe, na kesho anakopa tena. Wengine wako mwaka wa tano, wa sita. Ukiuliza deni ni kiasi gani, hakuna anayejua, kwa sababu halikuandikwa pahali, au liliandikwa kwa mkono mmoja tu, mkono wa mkopeshaji. Hammurabi aliweka miaka mitatu. Sisi tumeweka nini?

Na juu ya udongo, kila mtu anakuja na orodha yake. Katika shantie moja koo mbili ziligombana wiki nyingi, kila moja inataja mababu waliofika kwanza kwenye kona ya mto, mpaka babu wa saba. Tulikaa, tukasikiliza, tukaheshimu wazee, maana chifu wa udongo ana haki yake na hatuiondoi. Mtu wa tatu akaja na karatasi ya mjini. Muda huo wote shimo limefungwa, na watu waliolichimba kwa mikono, meta kwa meta, wamekaa chini ya mti. Hakuna aliyewauliza majina.

Sheria ya madini ya mwaka 2002, iliyorekebishwa Machi 2018, inasema mali ya chini ya ardhi ni ya Leta. Inasema mchimbaji wa mikono awe na kadi yake, awe ndani ya koperative, na achimbe katika eneo lililotengwa. Inasema pia kwamba redevansi inayolipwa na makampuni igawanywe: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo la chini, yaani sekta au sheferi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Tunapenda watu wajue hesabu hiyo. Lakini haigusi kinachogawanywa pale mdomoni mwa shimo, kati ya PDG, mchimbaji, mbeba mchanga na mama wa kusafisha. Pale hakuna sheria ya kusomwa, kuna mazoea, na mazoea hayaandikwi.

Ndiyo maana sisi wa sendika tumeanza kununua madaftari. Daftari la wanafunzi, lenye mistari, si kitu cha ajabu. Katika kila shimo linalokubali tunaandika jina, siku alizoingia, kazi aliyofanya, deni alilochukua na tarehe, na sehemu aliyopewa mawe yalipouzwa. Wanaandika watu wawili, mmoja wa PDG na mmoja wa wachimbaji, na kila jumapili linasomwa kwa sauti, kwa sababu wengi wetu hawakupata bahati ya shule. Mgonjwa anaandikwa mgonjwa. Aliyezikwa na udongo anaandikwa, pamoja na jina la kijiji chake, ili familia yake isije kuambiwa kwamba hakuwahi kufika hapa. PDG wengine walikataa, wakasema tunataka kuwapeleka kwa wakubwa wa kodi. Wengine walikubali haraka kuliko tulivyotegemea, kwa sababu nao wanaibiwa.

Shida kubwa imetoka upande ambao hatukuufikiria. Tulipochora mistari ya daftari la kwanza tuliweka mchimbaji, mbeba mchanga, mlinzi na fundi wa pampu. Mama wa kusafisha tuliwaweka pamoja kwenye mstari mmoja, «wamama», na mbele yake idadi. Tulipowasomea habari za Ur, na zile lita 60 za mwanaume na 30 za mwanamke, mama mmoja mtu mzima aliinua mkono. Akasema: «Bababa, hata ule mfalme wa zamani, nusu alitoa, lakini jina aliandika. Ya kwetu iko wapi?»

Daftari jipya lina mistari 11 zaidi. Majina ya mama yote yamo. Juu ya nusu, bado tunabishana na PDG, na kikao kingine kiko jumapili hii baada ya misa, chini ya mwembe wa soko. Njooni na kalamu.